Anga la Kondoa Juu ya Ziwa la Muskoka

7 Juni

Nimenunua daftari hili kwa sababu mwalimu wa picha ametuagiza tuandike kila tunachofanya mpaka Septemba. Hakusema kwa lugha gani. Ninaandika Kiswahili, maana binti yangu Shaila akija kutoka Ottawa hupekua kila kitu, na Kiswahili chake kinaishia kwenye "njoo ule".

Darasa ni la Jumamosi, pale kituo cha jamii hapa Flemingdon Park, Toronto. Mwalimu ni Bwana Naeem, mstaafu wa Mombasa, mtu wa taratibu na mzaha. Kila mmoja wetu atatengeneza picha moja tu msimu mzima, zitundikwe maktaba mwisho wa Septemba. Mmoja akasema atapiga ndege wa bondeni, mwingine madaraja. Mimi mdomo ukaniponyoka: "Njia ya Maziwa," ule mkanda mweupe wa nyota. Darasa zima likanigeukia. Mwanamke wa miaka hamsini na nne, mkaa kaunta wa duka la dawa, leo ataka nyota.

Nilipomwambia Mama alicheka. "Nchi hii haina nyota, Arzu. Tangu tuhame sijaona ya maana. Zote tuliziacha Kondoa."

Jioni akapiga simu Shamir, mdogo wangu, kutoka Calgary. Anataka Mama ahamie kwake mwisho wa Septemba. Amepata mapacha, nyumba ni kubwa, hakuna lifti ya kuharibika kila wiki. Nimemwambia tutaona. Moyoni nimesema, labda mnizike kwanza. Mama amekaa nami tangu Baba afariki, miaka saba sasa, na hapa ndipo atakapokaa.

14 Juni

Leo Bwana Naeem ametueleza zile picha za nyota tunazoziona mtandaoni zinavyotengenezwa. Kumbe si picha moja. Kamera ikitazama giza inajaza chenga, kama televisheni za zamani antena ikianguka. Kwa hiyo unapiga anga lile lile mara nyingi, kisha kompyuta inazirundika zote pamoja, nyota juu ya nyota, na chenga zinafifia. Taabu ni kwamba nyota zinatembea. Kompyuta ikizituliza nyota, ardhi ndiyo inayovurugika, miti inatoka kama imepakwa kwa kidole. Basi ardhi unaipiga peke yake mapema, jua likishazama na mwanga haujaisha. Halafu unaunganisha, ardhi chini, anga juu.

"Huo si uongo?" nimeuliza.

"Uongo ni kuhamisha stendi ya kamera, Bi Arzina. Stendi ikikaa pale pale, ni mahali pamoja kwa nyakati mbili."

Nimeipenda kazi hii. Sijui kama yenyewe imenipenda.

21 Juni

Mawingu.

23 Juni

Mawingu. Nimerudi kazini nimemkuta Mama kashika sufuria. Nimempokonya. Tangu Februari ya mwaka wake wa kwanza kwangu, alipounguza maharage na kengele ya moto ikatutoa jengo zima nje kwenye theluji, jiko ni langu.

26 Juni

Leo Chandraat. Usiku wa mwezi mpya sisi Waismaili mahali petu ni jamatkhana, nyumba yetu ya ibada, na usiku wa mwezi mpya ndio wenye giza zuri kuliko siku zote za mwezi. Wiki nzima mawingu, ila leo, naegesha gari pale jamatkhana ya Wynford, anga jeupe kama limefagiliwa.

"Mbona umenuna?" Mama akauliza.

"Sijanuna."

"Umenuna. Haya ingia, utanunia ndani."

5 Julai

Nimejaribu roshani yetu, ghorofa ya kumi na nne. Nyota tatu, na mojawapo ilikuwa ndege ya kuelekea uwanja wa Pearson.

19 Julai

Moshi. Misitu inaungua kaskazini na harufu imefika mpaka kabatini. Nimemfungia Mama madirisha yote, nimempikia, nimempangia dawa zake za wiki nzima kwenye kisanduku. Ameniangalia tu.

25 Julai

Moshi umeondoka leo. Leo ni Chandraat. Mungu ananitania, nami sina wa kumshtakia.

27 Julai

Hatimaye! Nimeendesha mpaka kwenye ziwa dogo huko Muskoka, kaskazini mwa Toronto, ambalo Bwana Naeem alituchorea njia yake. Mama alitaka kuja. Nikamwambia kuna mbu, kuna mawe, kuna giza, utaanguka. Nimemwacha na jirani yetu Généreuse, Mkongomani wa Bukavu, mwenye roho nzuri na sauti ya kuamsha mtaa.

Nilipiga ardhi jua lilipozama. Ziwa, misonobari, mwamba. Kisha nikangoja, nikaumwa na mbu mpaka kope, nikapiga anga. Nimerudi na usingizi, sijui nimepata nini.

2 Agosti

Siku nzima kompyutani. Anga limerundikana vizuri, chenga zimekwisha, na pale katikati Njia ya Maziwa imetoka kama unga uliomwagika mezani. Lakini imekaa chini! Imechuchumaa kwenye upeo wa ziwa, nusu nyuma ya miti. Nikajua nimeelekeza kamera vibaya. Mimi nalikumbuka anga. Kondoa umeme ukikatika tulikuwa tunalala uani, Baba, Mama, mimi, na Shamir mchanga katikati, na ile njia ilipita juu ya pua zetu.

Basi nikalivuta anga juu. Nikalipandisha mpaka pale linapostahili, juu kabisa ya ziwa, nikalishona na miti. Nikaiweka picha kwenye televisheni, nikamwita Mama.

Alisimama mbele ya kioo akakigusa. "Hii Kondoa," akasema, machozi yakamtoka. Yakanitoka na mimi. Sikumbuki lini tulilia pamoja kwa furaha.

Halafu nikaharibu. Nikamwambia, "Sasa Calgary utafuata nini?"

Akajifuta kwa mtandio, akaenda kulala.

3 Agosti

Mama ameituma picha kwenye kundi la familia. Dar wamepiga makofi, Nairobi wamepiga makofi, Leicester wanauliza bei. Nimetembea barabara nzima ya Don Mills kichwa juu.

9 Agosti

Nimetahayari leo, acha niandike nikiwa bado nina hasira.

Niliionyesha picha darasani. Wenzangu wakashangilia. Bwana Naeem akavua miwani, akaivaa tena, kisha akaniita pembeni, Mungu ampe heri, hakunisema mbele za watu.

"Bi Arzina, hili anga umelipandisha."

"Nimelirudisha mahali pake."

"Mahali pake wapi?"

"Juu! Tangu nikiwa mtoto liko juu!"

Akacheka, lakini si kwa kunidharau. "Kondoa, naam. Na kwetu Mombasa pia, lapita karibu na utosi. Lakini hapa tuko mbali sana kaskazini. Kile kitovu chake chapita chini kabisa upande wa kusini, kama mtu anayechungulia ukutani. Kamera yako haikukosea hata kidogo. Umechukua ziwa la Ontario ukalifunika kwa anga la kwenu."

Nilitaka ardhi ipasuke. Miezi miwili ya mbu na mawingu, kisha nakuja kubishana na mbingu kwa kumbukumbu za utotoni. Mzungu asingekosea hivi; yeye anga lake siku zote liko pale chini, angeliacha likae.

"Mwaka wangu wa kwanza huku," akasema Bwana Naeem, "na mimi nilifanya vivyo hivyo. Hakuna aliyeniambia kwa miaka minne."

Nimemwambia Mama jioni. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kwa hiyo umenipeleka Kondoa bila nauli." Kundi la familia hatujaliambia.

16 Agosti

Shamir amepiga simu kusema anakata tiketi. Nikawaka. Nikamwambia anamtaka Mama awe yaya wa bure, nikamwambia Calgary Januari hata mbwa hatoki nje, nikamwambia Mama hajui mtu huko zaidi ya yeye na mkewe. Nilisema mengi, na mengine sitayaandika.

Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Arzu, listen. Mimi sikumwita. Mama ndiye aliyeniomba. Mwezi wa tano, alinipigia akilia. She made me promise nisikwambie."

Nikakata simu.

17 Agosti

Nimepika chai. Mama ameinywa. Sikumwuliza.

18 Agosti

Sikumwuliza.

22 Agosti

Nimemwuliza.

Tulikuwa tunakunja nguo, yaani mimi nakunja na yeye anatazama. Nikasema, "Mama, nilikukosea nini mpaka ukamlilia Shamir?"

Hakushtuka. Akauvuta mto akauweka mapajani.

"Hukunikosea chochote. Kwako nakula, nalala, dawa zangu zimepangwa, soksi zangu zimekunjwa. Nikisimama unaniambia keti. Nikishika kisu unakichukua. Mimi Kondoa nilikuwa na duka la vitambaa, Arzu, wateja walitoka mpaka Babati. Wewe unajua Waswahili wanasemaje. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwako nina miaka saba, na jembe sijaliona."

"Mimi nakuhurumia, Mama. Una miaka sabini na tisa."

"Huruma nimeshiba. Kwa Shamir kuna watoto wawili wanalia kwa pamoja. Pale hata nikiwa na mkono mmoja watanihitaji."

Nimekasirika kwanza. Halafu nimejiona, nikikunja soksi zake mbele ya macho yake, na hasira imekosa pa kwenda. Nilidhani Shamir ni mchoyo na mimi ndiye mtoto mwema. Kumbe mtoto mwema ndiye aliyemfukuza.

Sijui nifanye nini. Soksi nimemwachia azikunje mwenyewe.

24 Agosti

Chandraat. Anga safi kupita kiasi. Sikununa.

30 Agosti

Mama amepika kuku wa nazi. Mimi nimekaa sebuleni nimeikalia mikono yangu. Aliunguza vitunguu kidogo, nilisikia harufu, nikang'ata ulimi. Tumekula mpaka mfupa. Généreuse alibisha hodi kwa ajili ya harufu, akaondoka na bakuli.

6 Septemba

Tiketi imekatwa. Shamir atakuja tarehe ishirini na sita, aione picha maktaba, kisha tarehe ishirini na nane arudi na Mama. Mama hakukataa. Kumwachia jiko wiki moja hakufuti miaka saba, hilo nimelielewa.

Bwana Naeem anasema nafasi yangu ya mwisho ni tarehe ishirini. Baada ya hapo Njia ya Maziwa inazama mapema, mpaka mwakani.

13 Septemba

Mvua. Masanduku mawili yako mlangoni kwa Mama.

20 Septemba

Nimechoka, na siwezi kulala kabla sijaandika.

Asubuhi nilimwambia Mama, "Leo tunakwenda wote. Siwezi peke yangu." Nilisema kwa kumpa heshima, nilikuwa sijajua bado kwamba ni kweli. Akavaa makoti mawili na kiatu cha theluji, akapakia chapati za kulisha kikosi.

Tulifika jua likiwa bado juu ya misonobari. Nilimshika mkono mpaka kwenye mwamba, akaniambia nimemshika kama mwizi, nikalegeza. Nikamwekea kiti cha kukunja karibu na maji, akakaa akitazama kusini, mgongo kwenye kamera. Nikasimika stendi, nikabana kila skrubu. Jua likazama, rangi ya samawati ikashuka juu ya ziwa, nikamwambia, "Mama, usitikisike." Akatulia. Sijapata kuona mtu akitulia hivyo. Nikapiga ardhi yangu, na Mama ndani yake na mtandio wake mweupe.

Sasa ikabaki kungoja giza, na stendi isiguswe. Ndipo nikagundua nimesahau betri ya pili garini, kule juu ya njia. Nikataka kwenda mbio, nikaogopa kumwacha Mama gizani, nikaogopa kuiacha kamera, nikabaki nazunguka kama kuku. Mama akasogeza kiti chake karibu na stendi. "Nenda. Mimi hapa siguswi na mtu wala kamera haiguswi na mtu."

Nikaenda. Niliporudi nilikuta watu wawili, mtu na mkewe, wamesimama mbali na tochi zao wamezizima, kwa heshima. Mama alikuwa amewaambia kwa Kiingereza chake cha duka: "No light! My daughter working!" Yule mwanamume akaninong'oneza samahani. Nilitamani kucheka, nilitamani kumkumbatia.

Halafu giza likaingia kabisa.

Ilikuwa pale, chini, juu tu ya miti, imesimama kutoka ziwani. Haikuwa ya kwenye kumbukumbu zangu, na ilikuwa nzuri. Nilitazama uso wa Mama nione kama amesikitika.

"Imekaa chini," akasema.

"Ndivyo ilivyo huku, Mama."

"Afadhali. Shingo yangu hii ingeitazama vipi ya Kondoa?"

Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, na kila nikibonyeza, kamera ilitikisika. Bwana Naeem alikuwa ameniazima kitufe cha waya, cha kupigia picha bila kuigusa kamera. Nikampa Mama. "Bonyeza wewe. Ukisikia imelia, ngoja, bonyeza tena."

"Nikikosea?"

"Utarudia."

Akatoa tasbihi mfukoni. Kila akibonyeza alivuta punje moja, ili tusipoteze hesabu. Nikamwuliza kama si vibaya. "Nyota kaziumba nani?" akanijibu, akavuta punje. Tulikaa hivyo, kamera inalia, Mama anabonyeza, na mimi kwa mara ya kwanza katika miaka saba sikuwa na la kumfanyia. Nilikula chapati.

Kulikuwa na mwanga wa rangi ya chungwa kwenye upeo, mbali, chini ya nyota. Mama akauliza kama ni moto wa msitu. Nikamwambia hapana, ule upande ni Toronto, ni taa zetu.

"Kumbe tunaonekana mpaka huku," akasema.

Alilala garini njia nzima, kitufe bado mkononi.

22 Septemba

Chandraat. Mvua ya kumwaga. Tumecheka sote wawili kwenye maegesho.

23 Septemba

Kabla ya kuzirundika picha za anga lazima uzichambue, utoe zilizoharibika. Mimi baada ya picha kumi macho yanaona kitu kimoja tu. Mama tangu atolewe mtoto wa jicho anaona kuliko mimi. Akavuta kiti. "Hii ina ndege, toa. Hii mkono wangu ulitetemeka, toa. Hii nzuri. Hii ina ndege." Nilimwacha na kompyuta nikaenda kazini. Niliporudi jua lilikuwa limetua, hajala, na hakutaka kuinuka.

24 Septemba

Tumeunganisha. Anga tumeliacha lilipokuwa. Mama akaona ukingo mweupe kuzunguka vichwa vya miti, akasema miti inaonekana imekatwa kwa mkasi, nami nilikuwa sijauona. Nimeulainisha polepole, yeye akisema "bado", "bado", "umezidisha", "hapo". Tumegombana mara mbili kuhusu rangi ya maji. Ya kwanza nilishinda mimi.

Masanduku bado yako mlangoni. Sijayagusa, wala sijamwuliza. Nataka abaki, nimeliandika hapa waziwazi. Lakini nikimwomba atabaki kwa ajili yangu, na huko ndiko tulikotoka.

27 Septemba

Picha imetundikwa maktaba. Bwana Naeem aliisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena. "Hapa hakuna uongo," akasema. Kwenye kadi tumeandika majina mawili, langu na la Mama: Arzina na Mumtaz. Shamir alisimama mbele ya picha, akauliza kwa sauti ndogo, "Ni Mama huyo amekaa pale? Alone in the dark?"

"Hakuwa peke yake," nikamwambia. "Alikuwa kazini."

Bwana Naeem akamwinamia Mama kidogo. Alisema ana picha zake za anga za msimu mzima, mamia, zimemshinda kuzichambua, na amesikia kuna mtu mwenye jicho. Mama akamwangalia juu mpaka chini kama alivyokuwa akiwaangalia wateja waliouliza bei mara mbili. "Lete," akasema. "Nione kwanza ulivyopiga."

Usiku, tunakula, akaweka kijiko chini. "Shamir, mwanangu. Ile tiketi utaibadilisha iwe ya Desemba, ya kwenda na kurudi. Nitakaa na watoto wiki tatu, niwabebe mpaka wachoke wao."

"Lakini Mama, wewe mwenyewe ulisema—"

"Nilisema. Sasa nasema hivi."

Shamir akanigeukia. Nilikuwa natazama sahani yangu, kwa sababu ningemtazama mtu yeyote ningelia kwenye mchuzi.

28 Septemba

Nimempeleka Shamir uwanja wa ndege. Tuliongea vizuri njia nzima. Sijaongea na mdogo wangu hivyo tangu mazishi ya Baba. Alisema alidhani Mama anahitaji kupumzika. Nikamwambia na mimi nilidhani hivyo. Pale kwenye mlango wa abiria akatazama kiti cha nyuma kitupu na kuuliza kwa nini Mama hakuja hata kumsindikiza, mwanawe wa kiume, na ametoka Calgary.

Nikamwambia nilimbembeleza. Bwana Naeem alileta picha zake saa tatu asubuhi, na Mama alisema ana kazi.